Bunduki ya Arlene Haitulii

Matundu matano ya risasi yalikuwa yametawanyika kwenye karatasi kama punje alizomwagiwa kuku.

“Hiyo siyo shabaha, hilo ni chujio,” alisema Clair wa meza ya jirani pale uwanja wa shabaha, mdomo umejaa biskuti za chumvi. “Mzee Merle, umekwisha! Zamani hata mpini wa ufagio ungeutengeneza ukapiga sawa.”

“Tafuna, Clair. Usiongee na chakula mdomoni.”

“Mimi nanyamaza. Kamati ya klabu haitanyamaza. Wanasema wanachama wageni wa kiangazi wapewe mwalimu mwingine, mwenye macho.”

Merle alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Kwa miaka arobaini alikuwa amewatengenezea bunduki nusu ya wanachama wa klabu ile. Masikio yake yalikuwa mekundu. Arlene Kratz, aliyezipiga risasi zile, aliyaona, akairudisha mezani pai aliyoibeba kutoka nyumbani.

Alinunua bunduki ile mwezi Machi, rahisi kuliko zote dukani: kitako cha plastiki, komeo linalokwaruza, na darubini ya kulengea iliyokuja ndani ya sanduku hilohilo. Hakuwa na haja ya kuwinda. Kulungu aliyekuwa akila maua yake alimwacha ale. Angalau alikuwa mgeni wa kumtembelea. Lakini tangazo kwenye duka la vyakula vya mifugo lilisema kwamba klabu humpa kila anayeanza mwalimu wake, na Arlene alilisoma neno “mwalimu” mara mbili.

Sheria ilikuwa moja. Unapiga na mwalimu pembeni mpaka risasi zako tano ziingie ndani ya inchi moja, kwa yadi mia. Siku hiyo unapewa ufunguo wa geti, na tangu hapo unakuja kupiga peke yako, siku yoyote utakayo.

Peke yake. Hilo alikuwa nalo la kutosha nyumbani. Tangu mumewe Earl afariki, akipika supu ya kuku Jumapili, huila mpaka Alhamisi.

Merle alikuwa mwalimu mkali, mtu wa kutazama saa kila mara kana kwamba ana kwingine anakosubiriwa. Alikwangua plastiki chini ya mtutu, ili kitako kisiuguse, mpaka karatasi ikapita katikati bila kukwama. Aliipunguza triga uzito. Alimfundisha kutoa pumzi nusu, kutulia, na kuiacha risasi iondoke bila kuisukuma. Kabla ya kila raundi aliichukua bunduki, akainama juu yake na bisibisi, akamwambia, “Skrubu niachie mimi. Wewe soma bendera, uniambie upepo.” Arlene alizisoma bendera kama mtoto wa shule.

Hata hivyo, kila Jumamosi kwa miezi mitatu, risasi zilitawanyika. Wote waliilaumu bunduki, kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi.

Bunduki haikuwa na kosa. Kila Ijumaa, baada ya kuosha sahani yake moja, Arlene aliiweka mezani na kuzilegeza skrubu mbili za darubini, robo mzunguko kila moja.

Ila sasa mchezo huo ulikuwa unaliharibu jina la mtu. Ijumaa iliyofuata alichukua spana ya kipimo ya marehemu, ile inayolia skrubu ikikaza vya kutosha, akazikaza skrubu zote kulia mpaka spana ikalia tik. Kesho ataingiza risasi tano ndani ya inchi moja, Clair atafunga mdomo, na Merle atampa mkono wa kwaheri mbele ya watu wote. Basi na iwe.

Asubuhi alifika mapema. Clair alikuwepo. Katibu wa kamati, Bi Fern, naye alikuwepo na ubao wake wa kuandikia, kwa sababu habari za Merle zilikuwa zimeenea.

“Leo mwalimu usihangaike,” Arlene alisema. “Nimekaza mwenyewe.”

“Hakuna bunduki inayopiga kwenye meza yangu kabla sijaishika,” Merle alijibu. “Bendera, Bi Arlene.”

Arlene alizitazama bendera huku Merle akiinama juu ya bunduki. Kisha akakaa, akaegemeza kitako kwenye mfuko wa mchanga, akatoa pumzi nusu. Hakuwa amewahi kupiga vizuri vile. Kila risasi iliondoka yenyewe, bila kusukumwa. Alijua, kwa bega lake alijua, kwamba zote tano zimeingia tundu moja.

Bi Fern alitazama kwa darubini ya mezani, akatikisa kichwa.

“Zilizoingia zimetawanyika inchi nne. Moja imekosa karatasi kabisa.”

Clair alicheka mpaka akakohoa. “Mzee, hata kipofu angeshika karatasi!”

Spana ililia tik. Arlene alikuwa ameisikia kwa masikio yake.

“Ana raundi moja imebaki,” Bi Fern alisema kwa upole. “Halafu Merle, samahani, itabidi niandike.”

“Andika tu. Andika kwamba huyu bado anahitaji miezi mitatu mingine, na mimi ndiye nitakayekaa naye. Wageni wengine wapeni mwingine.”

Merle alisema hivyo bila hasira. Hakutazama saa. Alivuta bunduki, akatoa bisibisi mfukoni, akainama.

“Bendera, Bi Arlene.”

Kwa mara ya kwanza, Arlene hakutazama bendera. Alitazama mikono ya mzee. Bisibisi ilikaa kwenye skrubu ya darubini, ikazunguka taratibu, kwenda kushoto, ikiilegeza.

“Upepo vipi?” Merle aliuliza, kichwa chini.

“Bado sijauona vizuri,” Arlene alisema, akampa mgongo. “Wewe endelea tu.”