Kesi ya Figo

Figo ilishitakiwa Jumapili, mara baada ya misa. Mlalamikaji, Mama Kunigunda, alianika kwanza kahawa yake kwenye vichanja. Kesi ilikuwa fupi, alisema, na jua la Mbinga si la kupoteza.

Aliyeibeba figo hiyo ni mkamwana wake, Ottilia wa Lundo kule ziwani, mjamzito wa miezi mitano. Miaka mitatu nyuma figo zake zilikufa, na wifi yake Scholastica akampa moja. Daktari alimpima, akamsubirisha, mwisho akamruhusu kushika mimba. Hakumuuliza Kunigunda.

“Scholastica ni dada wa Tobias,” Kunigunda alimweleza mumewe, Mzee Othmar, mwenye neno la mwisho pale nyumbani. “Figo ya Scholastica ndiyo inayosafisha damu ya huyu. Basi naye ni dada wa Tobias! Kaka kampa dada mimba, Baba Tobias. Ni mwiko. Arudi kwao leo leo, akazalie huko kwenye dagaa wao.”

Tobias, mume mtu, alikohoa. Huo ndio utetezi wote aliompa mkewe.

Ottilia alilia bila kujificha. “Mama, kliniki yangu iko huku. Nikikosa kliniki na dawa, figo itakataa. Mtaniua na mtoto.”

“Damu ni damu,” alisema Kunigunda.

Scholastica, aliyeketi kando ya wifi yake, aliinua kichwa. “Damu ya kwa baba, Mama, au ya kwa mama?”

“Ya kwa baba! Tangu lini mama akahesabiwa? Sisi ni vikapu tu vya kubebea. Baba mmoja, ukoo mmoja, mwiko mmoja.”

“Una hakika?”

“Andika kabisa, niweke dole gumba.”

Mzee Othmar aliitikia kwa kichwa, kwa huzuni. “Kama ndivyo, mkamwana atafungasha.”

Scholastica alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Kabla ya upasuaji, hospitali ilipima vinasaba vyake na vya Tobias kuhakikisha undugu wao, maana figo haikupokelewa kwa mtu asiye wa familia. Alikuwa ameificha miaka yote mitatu.

“Wifi abaki, Baba. Hakuna mwiko. Mimi na Tobias tumechangia mama tu.”

Kunigunda alikuwa ameshafika mlangoni, akipiga kelele kwamba kahawa yake inanyeshewa. Nje jua lilikuwa linawaka, na wingu hata moja halikuwepo.