Mfuniko

Muuguzi aliwaambia kwamba Kibonge akishawekewa vile vibomba vya kutolea maji masikioni ili aanze kusikia, siku za mwanzo hata kelele ndogo itamshtua.

Basi baba mtu, fundi wa mageti ya chuma, akaiandaa nyumba. Akatia mafuta bawaba zote. Akavisha vitambaa miguu ya viti. Jogoo wa bibi akahamishiwa kwa jirani.

"Na chafya uzipunguze, mama, tafadhali," alimwomba mama yake.

"Niende nikaipigie barabarani?" bibi alimjibu, huku anacheka.

Jana walirudi kutoka hospitali. Asubuhi hii mtoto amekaa kwenye sakafu ya jikoni, amewapa mgongo, anapanga vizibo vya chupa. Watu wazima watatu wananyata kama wezi.

Bibi akainua sufuria. Mfuniko ukamponyoka, ukajibamiza kwenye saruji, ukazunguka ukilia, ukalia weee, mpaka ukachoka wenyewe.

Paka alitoka mbio. Mama mtu aliziba mdomo kwa kiganja.

Kibonge akaweka kizibo kingine juu ya kizibo.

"Mchezo umemkolea," bibi alinong'ona.

Baba aliuokota mfuniko, akaufuta vumbi taratibu, pembeni ulikuwa umebonyea kidogo. Akaenda kusimama nyuma ya mwanawe, akauinua mpaka usawa wa kifua.

"Baba Kibonge, acha," mkewe akamwambia.

Akauachia. Kibonge akanyoosha mkono kuchukua kizibo kingine.

Mkewe hakungoja utulie. Alikuwa ameshapiga magoti, anafungua vitambaa kwenye miguu ya viti.