Baiskeli ya Magurudumu Matatu

Simu ililia kwa mara ya nne tangu asubuhi, na kwa mara ya nne aliyepiga hakusema neno. Alipumua tu. Mervyn Pugh akaiweka chini taratibu, kama mtu aliyeshika yai linalotaka kupasuka.

"Nani huyo?" Glenys, mkewe, aliuliza kutoka jikoni.

"Kakosea namba."

"Tena? Mwambie anunue miwani."

Kwenye televisheni, marudio ya tamthilia ya Jumapili mchana, makomando walikuwa kazini. Sita, wamevaa nyeusi juu mpaka chini, walivunja mlango kwa teke, wakapiga kelele kama wanauza samaki, wakaua watu ishirini bila kutokwa na jasho wala kuishiwa risasi. Mwishoni jina la Mervyn likapita mbio: Mshauri wa Kijeshi.

Cheo hicho alikipata kwa ulimi. Jeshini alikuwa karani wa bohari, akigawa buti na blanketi. Lakini watu wa televisheni walipokuja Hereford, mji wenye kambi ya makomando, kutafuta komando mstaafu, walimkuta baa. Mji ule una tabia yake: waliokwenda vitani kweli hawasemi. Ukimuuliza mmoja, atakwambia alikuwa dereva. Mwingine alikuwa akimenya viazi. Wazee wakakodolea macho bia zao. Mervyn peke yake ndiye aliyesema alikwenda.

Mwezi uliopita uongo wake ukavuka mpaka. Kwenye kipindi cha kuitangaza tamthilia, akasimulia operesheni nzima: nyumba moja Ireland ya Kaskazini, mlango wa kijani, baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu ukumbini, redio ikitangaza mpira. Mtu kitandani. Risasi mbili. Mtangazaji alifuta machozi.

Wiki iliyofuata simu zikaanza.

"Kamanda!" Glenys aliita. "Dakika kumi, chakula mezani."

Moshi ulikuwa umeshatangulia kuleta taarifa. Glenys aliwapikia wanajeshi miaka kumi na mmoja, na kila Jumapili Mervyn humwambia, "Sasa naelewa kwa nini vijana wetu hawakuogopa kufa." Leo alisahau utani.

Kwenye tamthilia mlango huvunjwa kwa teke. Huu wa Mervyn uligongwa mara mbili, kwa adabu.

Mervyn akafungua. Aliyegonga alikuwa mwanamume wa makamo, koti la mvua, kofia mkononi. Aliingia bila kukaribishwa, akauacha mlango wazi nyuma yake, akafuta viatu vizuri kwenye zulia. Hapo ndipo Mervyn alipoiona bastola chini ya kofia.

"Bwana Pugh. Nilikuona kwenye televisheni." Lafudhi ilikuwa ya ng'ambo, ya kulekule Ireland. "Kaa."

Mervyn akakaa. Jikoni bomba lilikuwa likimwaga maji, sufuria ikisuguliwa kwa nguvu.

"Mlango wa kijani uliandikwa magazetini," mgeni alisema. "Redio pia. Baiskeli, hapana. Niliiondoa kwa mikono yangu kabla polisi hawajafika. Ilikuwa ya binti wa kaka yangu, yule wa kitandani; sikutaka waipige picha. Kwa hiyo anayeijua ni mtu wa nyumba ile, au yule aliyeingia."

"Siyo mimi! Ndugu yangu, nakuapia, mimi nilikuwa bohari! Nilikuwa nagawa buti! Uliza mji mzima!"

"Baiskeli, Bwana Pugh."

Kofia ilisogea kidogo. Mervyn akatupia jicho mlango wa jikoni, akashusha sauti. Akisema upesi, akisema ukweli mtupu, labda atauona usiku.

"Mke wangu," alinong'ona. "Huwa anaongea usingizini. Mlango, redio, hiyo baiskeli... miaka yote maneno ni yaleyale. Nikadhani ni sinema zinamsumbua! Nikayachukua, nikayafanya yangu. Basi. Yeye mwenyewe hajui lolote, maskini. Alikuwa mpishi tu."

Mgeni akainua uso.

"Mpishi," alirudia.

Akanusa. Harufu ya nyama iliyoungua ilikuwa imejaa sebule nzima. Polepole akageuka, yeye na bastola yake, kuelekea jikoni.

Bomba lilikuwa bado linamwaga maji. Lakini sufuria haikuwa ikisuguliwa tena, na upepo ulikuwa ukiingia kutoka mlango wa uani.

"Mervyn," sauti ya Glenys ikasema, tulivu kabisa, kutoka mlango wa mbele, mgongoni mwa mgeni. "Lala chini, mpenzi."