Meno ya Juu

Sheria ilinipa mimi, mama wa marehemu, haki ya kuchagua tatuu atakayochorwa dereva aliyemgonga mwanangu Subira. Hata siku arobaini tangu azaliwe mtoto alikuwa hajatimiza.

Mchoraji akanionyesha mitindo. Mistari minene ya kizamani huonekana kutoka mbali. Nukta nukta huchukua muda na huuma zaidi. Rangi za maji hazina mipaka, na hufifia mapema.

"Nataka sura yake halisi, kama picha," nikamwambia. "Mchore kwa wino hai, kwenye mkono anaotumia kula."

"Mama, wino hai hukua. Sura itabadilika kama ya mtoto wa kweli."

"Ndiyo. Amtazame mpaka afe."

Jana mke wa dereva alikuja kupiga magoti mlangoni kwangu, tumbo limeshaonekana.

"Dada, nakuomba, kubali tumfute. Ameota meno."

"Watoto wote huota."

"Yameanza ya juu."

Kigego. Bibi zetu waliamini mtoto anayeanza na meno ya juu huleta balaa katika nyumba inayomlea, na huyu alikuwa akila nao sahani moja, akilala nao kitanda kimoja.

"Namhofia huyu aliye tumboni," akasema huku akilia.

"Subira ni wenu sasa. Mleeni."

Nikambamizia mlango. Kabla hajafika barabarani, nikaufungua tena.

"We mama!" nikamwita. "Siku akicheka, uje uniambie."