Mkono wa Mama Grady

"Grady, hii ni nini?" Mtaalamu wa usemi aliinua picha ya mbuzi.

Mtoto aliitazama, akanyamaza.

"Anamujua!" mama yake alidakia kwa hasira. "Kule Mangina alikuwa anamuimbia mbuzi yetu kila asubuhi. Sema basi, papa, mutoto wangu! Tumetoka mbali mpaka huku Butembo, na weye unanyamaza tu!"

"Pole pole, mama Grady. Aliacha kusema tangu wakati gani?"

"Docteur, kila mutu ananiuliza ile ile! Masikio yake iko muzima, balipima ku hospitali. Aliacha tu, tangu siku tulikimbia."

Nje, pikipiki ililia pa! kama risasi.

Grady hakulia. Aliukamata mkono wa mama yake kwa mikono yake miwili, akaubana juu ya kinywa chake mwenyewe, vidole vikafika mashavuni, kama mama alivyoubana hapo siku ile ya kukimbia, walipojificha katika shamba la kakao na waasi wakapita karibu.

"Mama," mtaalamu aliuliza taratibu, "nani alimufundisha vile?"

Mama Grady alitaka kuutoa mkono. Mtoto akaubana zaidi.