Upande wa Salama

Mzee Kibwana alitandika kanga ya mkewe penye kona ya uwanja wa shule, pale pale walipokaa kila mechi tangu wakiwa wanafunzi. Akakalia upande mmoja, wa pili akauacha. Ilikuwa mechi ya kwanza tangu amzike Salama.

Mwanafunzi mmoja wa kike akamwinamia. "Shikamoo babu. Hapa pana mtu?"

"Marahaba. Pana, mjukuu wangu."

Msichana akarudi nyuma, akasimama.

Wenyeji wakafunga bao, refa akalikataa. Hapo ndipo Salama angeruka na kumpasha refa mpaka wageni wenyewe wacheke. Leo mashabiki waliguna tu. Mzee Kibwana akainuka na mkongojo wake, akafungua kinywa, sauti ikagoma kutoka.

"We refa!" yule msichana akapaza sauti nyuma yake. "Macho umeyaacha nyumbani?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee Kibwana akaketi. Upepo ulikuwa umeukunja ule upande mtupu wa kanga. Akaunyoosha polepole, machozi yakimlengalenga, na bila kugeuka akaupigapiga kwa kiganja, kama alivyozoea kumwita Salama aje kukaa.