Mama Ameshindaje Leo?

Kinga ya mwili wa Tunu ilikuwa imeila tezi yake ya shingo, akapandikizwa kifaa chini ya ngozi kimpe homoni zilizopungua. Zamani wagonjwa kama yeye walipimwa damu. Siku hizi waliulizwa watu wa nyumbani. Kila jioni sauti ya upole ya mtambo ilitoka ukutani, "Mama ameshindaje leo?" na majibu ndiyo yaliyopandisha au kushusha dozi.

Kifaa kilimsaidia kweli. Ule ubaridi ulimtoka mwilini, nywele zikaacha kukatika, akaanza tena kuimba akikanda chapati.

Kisha dada yake akafariki. Tunu alirudi kutoka mazishini akajilaza, hataki kula wala kuongea.

"Amenyong'onyea sana," mumewe, Shomari, aliijibu sauti kwa huruma.

"Analia tu," akaongeza binti yao, Mwanaisha.

Dozi ikapandishwa. Haikupita wiki, Tunu alikuwa akifua mapazia alfajiri, moyo ukimwenda mbio, mikono ikitetemeka, macho makavu.

"Nataka kumlilia dada yangu na siwezi kutulia," aliwaambia. "Leo semeni niko sawa."

"Lakini hauko sawa, mama."

"Najua, mwanangu. Semeni hivyo hivyo."

Jioni sauti ikauliza. Shomari alimtazama mkewe.

"Ameshinda vizuri. Hata amecheka."

"Tunashukuru," sauti ikasema. "Mwanaisha, na baba je? Ameshindaje leo?"

Mwanaisha aliwatazama wazazi wake. Sauti haikuwahi kuuliza habari za baba, asiyekuwa na kifaa.